Kidole Nilichoambiwa Nikifute

Mdogo wangu mpenzi, kitinda mimba wa mama,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote, maana nikishaanza sijui kama nitapata pumzi ya kuzirudia. Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo unaniuma kama unavyomuuma kila mshonaji. Hali yako nitaiuliza baadaye, na safari hii nitataka jibu la kweli. Barua hii nimempa shangazi akukabidhi mkononi, asiiache mezani wala asimpe mtu mwingine. Isome ukiwa peke yako. Ukimaliza, ichane.

Utacheka ukisikia kwamba dada yako, kwa umri huu, amejiunga na darasa la kuchora. Ni tajiri yangu pale kwenye karakana ya kushona aliyenisukuma. Alichoka na michoro yangu ya mitindo, akasema wateja wanataka kuona gauni likiwa limevaliwa na mtu, si likining'inia hewani kama nguo ya marehemu. Basi kila Jumamosi alasiri nikawa napanda ngazi hadi ukumbi mmoja ulio juu ya duka la vifaa vya shule. Mle ndani mna viti vya plastiki, mbao za kuegemezea karatasi, na dirisha kubwa lisilofunguka. Tulikuwa wanafunzi wachache, wote wanagenzi. Niliketi karibu na muuguzi mmoja mstaafu, mama mcheshi ambaye alisema ameshika miili ya watu maisha yake yote lakini hajui hata mmoja unavyoonekana.

Mwalimu wetu ni mwanamke mwembamba, vidole vyeusi kwa mkaa wa kuchorea. Siku ya kwanza alitufundisha kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kumpima mtu kwa penseli: urefu wa mtu mzima ni vichwa vyake saba na kitu, na kiganja kikifunguliwa kinafunika uso toka kidevuni hadi karibu na nywele. Mimi niliyezoea kupima watu kwa futi ya kitambaa nilijiona bingwa. Kumbe! Nilichora gauni zuri lenye marinda, mwalimu akaliangalia, akaniuliza mwenyewe ameenda wapi. Darasa zima liliangua kicheko. Kisha akanishika bega, akanionya kwamba mkono wangu unachora ninachokijua, wakati kazi yake ni kuchora ninachokiona. Mambo hayo mawili, alisema, mara nyingi hayapatani.

Mtu aliyekaa mbele ili tumchore tulimwita Mkaaji. Alikuwa mwanamke wa rika lako, mpole, akivaa blauzi ya mikono mirefu hata kukiwa na joto la kupasua kichwa. Kazi hiyo alitafutiwa na mumewe, na mumewe huyo hakukosa hata Jumamosi moja. Alikaa nyuma, karibu na mlango. Mwanamume nadhifu, ana maneno matamu, anatuletea karanga na kutuulizia watoto. Wenzangu walimpenda. Muuguzi mwenyewe alisema laiti wanaume wote wangekuwa na subira ya kumngoja mke namna ile.

Kisha tukafika kwenye mikono. Mdogo wangu, mkono ni mgumu kuchora kuliko uso. Nilihangaika na mkono wa kulia wa Mkaaji, aliokuwa akiufunika kwa wa kushoto, na kila nikijaribu, kidole cha mwisho kilinitokea kimepinda kuelekea nje, kama tawi lililovunjika likajishika lenyewe. Nikakifuta. Nikakichora tena, kikatoka vilevile. Mwalimu alipopita nilimwomba radhi kwa kukosea. Alitazama karatasi, akamtazama Mkaaji, akarudi kwenye karatasi. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba sikukosea, nikiache. Hakufanya mzaha wowote tena siku hiyo.

Wakati wa mapumziko mume yule alizunguka kama kawaida yake, akisifia kazi ya kila mtu. Alipofika kwangu alisimama. Akatabasamu, akasema:

“Dada, umemkosea mke wangu kidole. Hebu kifute.”

Nikajibu kwamba bado najifunza. Akasema anajua, ndiyo maana ananisaidia. Hakuondoka. Alisimama pale, harufu ya manukato yake ikanijaa puani, hadi nilipochukua kifutio nikafuta, na karatasi ikatoboka. Nilipoinua macho, Mkaaji alikuwa ananitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananionea huruma, mimi!

Wiki iliyofuata alikuja na mtandio uliozungushwa hadi kidevuni. Alikaa akiwa ameegemea upande mmoja, na nilipompima kwa penseli niliona bega moja limepanda karibu na sikio. Wakati huu sikuulizwa na mtu wala sikufuta kitu. Wiki baada ya hiyo, kiti chake kilikuwa kitupu.

Mume alikuja peke yake. Akatueleza, kwa masikitiko, kwamba mkewe ameteleza bafuni, anapumzika. Ila hakutaka darasa lipotelewe na siku, kwa hiyo atakaa yeye badala yake. Akavua koti, akalikunja vizuri, akaketi kwenye kile kiti cha mkewe na kuweka mikono magotini.

Sijawahi kuona mtu anayetulia kama yule. Hata kope hazikuchezacheza. Nilianza na kichwa, nikashuka mabega, nikafika mkono. Muuguzi akaniegemea kana kwamba anaazima penseli. Akaninong'oneza niangalie chini ya kidole gumba, ule mstari uliojikunja kama mwezi mchanga, mwekundu bado. Nilisema labda amejikwaruza ukutani.

“Ukuta hauna meno,” akasema.

Nikaenda kwa mwalimu na karatasi yangu, nikajifanya naomba msaada wa kivuli, nikamweleza. Alinisikiliza akichora kivuli kwenye karatasi yangu, mkono wake haukusimama hata kidogo. Kisha akageuka, akatangaza kwamba leo tunafanya zoezi la mkao mrefu, ndio mtihani wa mkaaji hodari: hasogei, hageuki, hata akiwashwa na pua. Akamwambia yule bwana kwamba wengi hushindwa. Bwana akatabasamu bila kusogeza midomo. Mwalimu akatutuma mimi na muuguzi tushuke dukani tukaongeze mkaa.

Dukani hatukwenda; nyumba yao nilikuwa naijua. Niliwahi kumpelekea Mkaaji sketi niliyomshonea, akaipokea kwa upenyo wa mlango. Ni juu ya gereji. Tulikuta kufuli limefungwa kwa nje. Muuguzi aligonga, akaita. Akagonga tena. Ndipo tukasikia kitu kikigonga sakafu kutoka ndani, taratibu, kikaacha, kikagonga tena.

Fundi wa gereji alipanda na nondo. Alikuwa akijitetea njia nzima kwamba vishindo amevisikia siku nyingi, ila alidhani wanahamisha makabati. Muuguzi alimwambia avunje kwanza, makabati atayazungumza baadaye, huku yeye akipiga simu polisi.

Mkaaji alikuwa kati ya kitanda na ukuta. Sitakueleza nilichokiona, macho yangu yamejifunza kuona, na sasa hayataki kusahau. Taya lilikuwa limevimba, mkono mmoja umelala vibaya. Alikuwa akigonga sakafu kwa kisigino. Muuguzi alipompigia magoti, Mkaaji aliuliza jambo moja tu, na ilikuwa shida kulitamka. Aliuliza mumewe yuko wapi.

“Anachorwa,” muuguzi akamjibu. “Ameambiwa asisogee.”

Mkaaji akafumba macho, machozi yakamtiririka hadi masikioni.

Polisi walimkuta mume kule ukumbini, bado amekalia kile kiti. Wenzangu wanasema alipoona sare zao mlangoni alimuuliza mwalimu kwanza kama anaruhusiwa kusimama.

Mkaaji alitibiwa, na alipoweza kusafiri kaka zake walikuja kumchukua. Yuko salama mahali ambapo hata mimi sikuambiwa, na ni vizuri. Mume ameachiwa kwa dhamana kesi ikisubiriwa. Juzi aliingia karakanani, amenyoa vizuri, akanisalimu kwa adabu mbele ya wateja. Akaniuliza kama ile picha yake nimeimaliza. Nilimwambia bado. Akasema ana subira. Tangu hapo siondoki kazini peke yangu, na njiani nageuka nyuma kila baada ya hatua chache.

Lakini mdogo wangu, si yeye aliyenifanya nishike kalamu.

Mwalimu alitupa kazi ya nyumbani: kumchora kwa kumbukumbu mtu tunayempenda. Nikakuchagua wewe, ulivyokaa barazani kwangu mlipokuja kunitembelea. Nilitaka nikuchore unavyocheka. Ukatoka umebana kiwiko ubavuni. Ukatoka umeshika kikombe kwa mkono wa kushoto, wewe ambaye tangu utotoni hujawahi kushika hata kijiko kwa kushoto. Bega lako moja liko karibu na sikio, na macho hayanitazami mimi. Yanamtazama mumeo, shemeji yangu, aliyeketi karibu na mlango akituchekesha sote. Nilifuta, nikachora upya. Ukatoka vilevile. Nikaweka kifutio chini nikalia, kwa sababu sikukosea.

Sikuulizi alifanya nini. Utaniambia ukitaka, au hutaniambia kamwe. Nakueleza tu kwamba nimekuona.

Jumatatu, shemeji akishaingia kazini, nitakuwa ng'ambo ya barabara yenu, mbele ya duka la dawa, pamoja na muuguzi. Sitapiga hodi wala sitakuita. Ukitaka kuondoka, toka ulivyo, hata kama ni kwa kandambili, usifungashe chochote. Hatutakaa kwangu; muuguzi ana chumba, na mtaa wake una macho mengi. Usipotoka sitakulaumu wala sitakununia. Nitarudi Jumatatu inayofuata nisimame palepale, na nyingine, mpaka muuza dawa anidhanie mwizi.

Hapa ndipo ningekuomba unisalimie wote walio nyumbani kwako, kama tulivyofundishwa. Safari hii usimsalimie mtu.

Ni mimi dada yako,
wa tumbo moja.