Nimwacheje Violeth, Wakati Makande Napika Mwenyewe?

Shangazi Bernadina, shikamoo.

Nakuandikia kwa haraka, naomba unisaidie kabla ya Jumapili ya tarehe ishirini, maana siku hiyo wazee wa mchumba wangu wameniita nikajieleze na mimi sina la kujieleza, au ninalo ila siwezi kulisema.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, kwetu ni Endagikot, ila mkoa wetu wa Manyara ulipoanzishwa nilihamishiwa Katesh, nafanya kazi ofisini, ofisi naomba usiitaje. Mchumba wangu anaitwa Marieta, yuko kwao Masakta, na nilikuwa nataka kuweka akiba nimalize mahari, lakini Shangazi mshahara wangu haukuwa unafika tarehe kumi na tano, kwa sababu asubuhi chai na chapati hotelini, mchana hotelini, jioni hotelini na soda juu yake, mpaka siku moja nikakaa nikaona kwamba ng'ombe wa mahari nimeshawala wote kidogo kidogo kwenye sahani za watu.

Basi nikaamua kupika na kubeba chakula changu. Hapa niseme ukweli, najua kupika. Nyumbani tulizaliwa wavulana watano bila msichana, na mama yetu, Mama Zita, alipovunjika mguu mimi mkubwa ndiye niliyeshika mwiko, na mama alikuwa anafunga mlango ili majirani wasinione. Kwa hiyo nikanunua jiko la mkaa na hotipoti, jioni nachemsha mahindi na maharage, alfajiri nayaunga kwa kitunguu na maziwa, siku nyingine wali, siku nyingine viazi na kabichi, najifungia ndani mpaka nimalize, halafu nachomekea shati natoka kama watu wengine. Ndani ya miezi minane nilipeleka Masakta ng'ombe wawili. Sikuwahi kuona maendeleo ya namna hiyo.

Tatizo lilianza siku mwenzangu Alfredi, tunayekaa meza moja, alipochota kijiko kimoja cha makande yangu. Akachota cha pili. Halafu akasema, "Huyu mwanamke umemtoa wapi?"

Mimi nikacheka tu.

"Anaitwa nani?"

Shangazi, hapo ndipo ningesema, "Ni mimi," lakini ofisi nzima walikuwa wananiangalia na mdomo wangu ukajibu, "Violeth."

Kuanzia siku hiyo nikawa mtu mwenye mke. Asubuhi wananiuliza Violeth hajambo, jioni wananiambia msalimie Violeth, Judith wa masijala akasema Violeth aingie kwenye kikundi chao cha akina mama, na Alfredi kila akirudi kwake anamwambia mke wake akajifunze kwa Violeth, mpaka yule mama akamtuma mume wake aje aulize Violeth anaweka maziwa kabla au baada ya kitunguu, na mimi nikajibu kesho yake kwamba nimemuuliza, amesema baada. Walipozidi kutaka kumwona nikasema amekwenda Dirma msibani. Alfredi akaangalia hotipoti yangu akasema, "Sasa hiki nani kapika?" Ikabidi siku tatu nikale hotelini kwa sababu ya msiba wa mtu ambaye hayupo.

Mwezi uliopita Mzee Tadei, baba mdogo wa Marieta, alikuja ofisini kwetu kufuatilia mambo ya kiwanja. Mimi nilikuwa nimetumwa benki. Niliporudi nikamkuta amekaa kwenye kiti changu anamalizia chakula changu, na Alfredi anamwambia, "Kula mzee, huo ndio mkono wa shemeji yetu Violeth, mke wa mwenye kiti hiki."

Nikasema, "Shikamoo baba."

Akasema, "Marahaba." Akafunika hotipoti vizuri, akafuta mdomo, akaondoka na basi la saa nane.

Sasa ng'ombe wangu wawili nasikia wamefungiwa peke yao, hawachanganywi na wa Mzee Joakimu, baba yake Marieta, wanasubiri kurudishwa. Na Marieta ameniandikia mistari mitatu: "Baba mdogo anasema hajawahi kula makande kama yale. Mimi unajua napika kawaida tu. Kaa naye."

Nilimweleza rafiki yangu Bonaventura, ndiye peke yake anayejua, akaniambia nisithubutu kusema kwamba napika, kwa sababu mwanaume kuwa na mwanamke wa pembeni ni kosa ambalo wazee wanalielewa, unatozwa faini yanaisha, lakini mwanaume kujifungia ndani anakaanga vitunguu watamcheka mpaka wajukuu. Ameshauri niende nikiri, niseme Violeth nimemwacha. Lakini nikisema nimemwacha watataka kujua kwao ni wapi na kama ana mtoto, na ofisini nao watauliza kwa nini chakula bado kitamu.

Shangazi, naomba ushauri. Nimwacheje Violeth bila mambo kuharibika? Namba yangu ya simu nimeandika nyuma, usiichape.

Ni mimi kijana wako niliyekwama,
Katesh.

SHANGAZI BERNADINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako ilinifikia nikaona tukingoja gazeti lifike Katesh muda utakuwa umekubana, kwa hiyo saa sita na nusu mchana nikakupigia. Ukapokea. Nikajitaja jina. Nikasikia mwanaume nyuma yako anauliza, "Nani huyo?" Na wewe, bila hata kumeza mate, ukamjibu, "Violeth. Anauliza kama nimekula." Halafu ukaniambia, "Ndiyo mama, nimekula, asante," ukakata simu.

Mimi nina miaka hamsini na nane na wajukuu sita. Nimejibu barua nyingi za watu wanaotafuta wake, lakini sijawahi kuolewa kwenye simu na kuachwa ndani ya dakika moja.

Nilicheka, sikufichi. Kisha nikasoma barua yako mara ya pili nikakasirika, na majibu haya nimekutumia nakala kwa basi ili yakuwahi.

Kwanza pole. Ulikuwa mtoto, ukawalisha wadogo zako na mama yako mgonjwa, na badala ya kusifiwa ukafichwa. Mama Zita simlaumu, alikuwa anakukinga na midomo ya watu. Lakini sasa wewe ni mtu mzima na unajifungia mlango mwenyewe. Hebu jisikilize: umeona heri Marieta alie akiamini una mwanamke, kuliko ajue kwamba unajua kuunga makande! Ulianza kupika ili umwoe, umepika vizuri mpaka umempoteza. Na huyo Bonaventura, kama ana ushauri mwingine wowote kuhusu ndoa, mwambie akae nao.

Kuna mtu mwingine hukumfikiria hata kidogo. Hapo Katesh kuna mama wa watu anasimangwa nyumbani kwake kwa sababu hapiki kama Violeth. Wewe ulimjibu kuhusu kitunguu ukaona yameisha. Huyo unapaswa kumwomba msamaha, na Alfredi naye pia, lakini anza wewe.

Sasa fanya hivi. Jumamosi tarehe kumi na tisa panda basi la asubuhi uende Masakta, usingoje Jumapili ya wazee. Ukifika amkia wote, kisha mwombe mama yake Marieta akuruhusu uzungumze na binti yake hapo uwanjani, watu wakiwaona. Mwambie, "Violeth hayupo, hajawahi kuwepo, napika mimi, nilidanganya kwa sababu niliona aibu." Usiseme mambo yalitokea. Sema nilidanganya. Asipoamini, ingia jikoni kwao umpikie, na Mzee Tadei aitwe aonje, maana yeye ndiye shahidi na ladha anaijua.

Jumapili rudia maneno hayo hayo mbele ya Mzee Joakimu. Watakucheka. Kaa kwenye kiti mpaka wamalize, kicheko hakijawahi kuua mtu. Wakikutoza faini, lipa, lakini uliza ni ya nini. Ikiwa ni ya uongo, ni halali yako. Ikiwa ni ya kupika, waulize kwa heshima wale ng'ombe wawili wanadhani walitoka wapi.

Jumatatu ofisini, kabla hujafungua hicho chombo chako, mwambie Alfredi na Judith na wote. Jioni nenda kwa mke wa Alfredi. Na kupika usiache, wala usirudi hotelini kwa sababu ya aibu, harusi bado ina gharama.

Inawezekana Marieta akakataa. Akikukataa kwa sababu ulimdanganya, ana haki, rudi nyumbani kimya. Lakini nimesoma ile mistari yake mitatu, na mwanamke aliyekwisha kukutoa moyoni haandiki habari za mapishi. Anaogopa kuingia kwenye nyumba ambako atapimwa kwa sufuria ya mwingine. Kwa hiyo akikuuliza baada ya harusi nani atapika siku ya kwanza, usitafute maneno marefu. Mwambie, "Mimi," na umwulize anapenda chumvi kiasi gani.