Ng'ombe Wanaoogelea Kivu

Jumatatu, 25 Agosti

Sketi nne za shule tangu asubuhi, zote bluu. Vidole vinauma. Nadia kalala chini ya cherehani, juu ya vipande vya kitambaa.

Baba Nadia kapiga simu jioni. Jumamosi hana kazi. Anataka twende Karongi, turudi siku hiyohiyo, maana Jumapili nakabidhi sketi. Miezi kumi sasa anaendesha boti la wageni huko ziwa Kivu, na mimi hata picha sijaona. Simu yetu ni ya vitufe.

Alituacha Nadia ana miezi minne. Mtoto anamjua kwa sauti tu. Kila jioni baba analia kama ng'ombe, "mbuuu", na Nadia anaipiga simu kofi, anacheka.

Akimwona, atamjua? Hilo nataka kuliko ziwa. Lakini ziwa pia nalitaka.

Jumanne, 26 Agosti

Nimemuuliza Baba Nadia maswali mpaka salio lake likaisha. Orodha yangu: kisiwa chenye umbo la kofia, kimejaa popo. Ufukwe wa kuogesha miguu. Sambaza wa kukaanga, vile visamaki vidogo, vya moto. Na ng'ombe wanaoogelea. Eti wanavuka maji kwenda kula majani kisiwani. Siamini. Ng'ombe wa Karagwe nilikokulia waliogopa hata dimbwi.

Wanapumuaje?

Jumatano, 27 Agosti

Mume wa jirani yangu, Mama Keza, kamnyanyua Nadia kumsalimia. Mtoto kapiga kelele mpaka akatapika. Wanaume wote anawafanyia hivyo.

"Huyu iko na sauti ya polisi!" Mama Keza kacheka. "Baba yake ajitayarishe na taulo."

Sikucheka. Naogopa.

Alhamisi, 28 Agosti

Mjinga mimi. Kiongozi wa isibo, nyumba zetu hizi chache, kapita nyumba hadi nyumba kutukumbusha: Jumamosi ni umuganda. Jumamosi ya mwisho wa mwezi! Miaka yote tunafanya, na sote wawili tumesahau. Asubuhi nchi nzima inashika jembe na fagio, magari yanasimama mpaka saa tano. Mimi nilipanga basi la saa moja.

Sasa ni la saa tano na nusu. Tutafika saa tisa. La kurudi, saa kumi na mbili.

Nimekata popo. Nimekata ufukwe.

Ijumaa, 29 Agosti

Mbaya zaidi. Wageni waliokodi boti kesho asubuhi wamesogezwa mpaka saa kumi, kwa sababu ya umuganda huohuo. Bosi kamwita Baba Nadia kazini. Kasema njooni tu, mtakaa botini pamoja na wageni.

Nimelia kidogo. Halafu nimepiga pasi gauni la njano la Nadia.

Jumamosi, 30 Agosti

Asubuhi nimezibua mtaro, Nadia mgongoni. Kisha basi. Kona, kona, kona. Alitapika mara moja tu.

Ziwa likatokea. Nikadhani ndilo lote. Abiria mmoja akasema hiyo ni ghuba tu, Kivu yenyewe iko nyuma ya vilima. Nilikaa mdomo wazi kama mtoto.

Baba Nadia alikuwa anatungoja majini. Amekonda. Akanyoosha mikono. Nadia akapiga kelele, akaficha uso shingoni kwangu.

Akaishusha mikono polepole. "Basi, mama, basi. Sikushiki." Akaenda kufungua kamba za boti. Sikuweza kumtazama.

Wageni sita. Sisi mbele kabisa, yeye nyuma kwenye injini. Koti la kuelea lilimmeza Nadia mpaka masikio.

Katikati ya maji akazima injini. Ni kweli! Vichwa na pembe tu, pua juu, wanapuliza maji pfff. Ndivyo wanavyopumua. Mchungaji anaogelea nyuma yao. Baba Nadia akaanza kuwaeleza wageni.

Nadia akageuka. Akanipapasa kifuani ninapoweka simu. Akaitoa. Simu kimya. Sauti inatoka nyuma. Akaitazama simu, akamtazama yeye. Simu. Yeye.

Baba Nadia akaona. Akaacha maelezo katikati.

"Mbuuu."

Nadia akaipiga simu kofi. Kisha akanyoosha mikono yote miwili.

Botini hutakiwi kusimama. Nikampa mgeni wa nyuma yangu, naye akampa wa nyuma yake, mkono kwa mkono, na Nadia hakulia hata kidogo. Wa mwisho alikuwa mama mmoja mnene wa Kabuga.

"Chukua ng'ombe yako, bwana," akasema. "Imefika salama."

Boti zima likacheka. Baba Nadia alijifuta uso kwa kofia, akasema ni maji ya ziwa.

Boti likirudi, Nadia alikaa mapajani pa baba yake. Sambaza tulikula kwenye basi, wamepoa.

Jumapili, 31 Agosti

Sketi nimekabidhi. Gauni la njano lina harufu ya petroli na maji. Sijalifua.

Karibu na ziwa niliona shule mbili. Huko nako watoto wanavaa sketi.

Jioni simu imelia. Nimempa Nadia. "Mbuuu," ikasema. Hakuipiga kofi. Kanirudishia, katembea mpaka mlangoni, kasimama anaangalia barabara.

Nimemwambia baba yake asubiri kidogo. Anatafutwa nje.