Barua Ulizokataa Kuzichoma

Ijumaa, 14 Novemba 2025. Malaz, Riyadh. Asubuhi baridi kidogo, mbingu nyeupe, upepo hakuna. Nimeanika shuka sita juu ya paa nikiwa nimevaa sweta lako la kijani.

Baba Neema,

Hivyo ndivyo ninavyoanza kila ukurasa wa daftari langu, tarehe kwanza, kisha hali ya hewa. Ulinicheka sana kwa hilo. "Mama yenu anaandika kama watu wa utabiri," ulikuwa ukiwaambia watoto. Leo ukurasa huu ni wako.

Ni siku ya tisini na sita tangu utuache, na sijakuandikia hata mstari. Barua yako ya mwisho, namba arobaini na moja, ililetwa na msichana wa Mwatate aliyekuja kuanza kazi huku, ikanifikia siku kumi na mbili baada ya wewe kuzikwa. Niliusoma mwandiko wako nikiwa nimesimama jikoni, maziwa yakachemka yakamwagika. Umeandika kwamba paa la jiko linavuja, kwamba Baraka amekuwa wa tatu darasani na anajifanya hajali, na kwamba nikirudi Januari nikuambie tupande nini kando ya kijito. Kila nikishika kalamu nikujibu, mkono unakataa. Leo umekubali.

Nimezika mtu kwa simu. Lazima nikuambie. Kafili, mwajiri anayenidhamini hapa, alikuwa safarini, na karatasi ya kunitoa nchini ilikamilika Jumapili. Wewe ulizikwa Jumamosi. Nimemtafuta wa kumlaumu, sikumpata. Madam wa hapa alikaa nami sakafuni jikoni, mwalimu mzima na abaya yake, akanishika kichwa. Neema alikuwa ameshika simu makaburini ili nione, mtandao ukakwama, picha ikaganda kwenye viatu vya mchungaji. Viatu vyeusi, vimejaa udongo mwekundu wa kwetu. Nilikuzika nikitazama viatu.

Karatasi ilipotoka Madam aliniambia niende tu. Nikasema hapana, nitamaliza muhula wangu. Hakuelewa. Ungekuwapo ungeelewa.

Unakumbuka jioni ile ya kufunga begi? Mimi nakunja nguo, wewe umekaa kitandani na kile kitabu chako kisicho na jalada, kilichotupwa na maktaba ya shule ukakiokota kama kifaranga. Ukawa unanisomea habari za rais wa pili wa Marekani na mkewe. Miaka na miaka mume yuko mbali kwa kazi ya taifa, mara ng'ambo, mara mji mwingine. Mke yuko nyumbani na shamba, watoto, ng'ombe na vibarua, na wote wawili wanaandikiana barua bila kuchoka. Ukafunga kitabu ukasema, "Basi kwetu rais ni wewe. Mimi ni mke wa Rais." Neema alicheka hadi akadondosha kikombe. Ukaongeza kwamba yule mtu alipewa muhula mmoja tu. Wapiga kura walimrudisha nyumbani, naye akaenda kushughulika na mbolea ya shamba lake. "Miaka minne, Mheshimiwa. Mbolea itakuwa tayari."

Kwenye uwanja wa ndege ulivua sweta hili ukanivisha mbele za watu, eti ndani ya ndege kuna baridi. Sikukuona tena.

Sasa nisikilize vizuri, maana kuna jambo ulilonifanyia, na tangu Jumatano nimekukasirikia.

Unajua nyumba ya kwanza, ile ya Jeddah, kabla sijaletwa hapa Riyadh. Simu yangu ilikaa kwenye droo ya madam wa kule, nikapewa siku ya Ijumaa tu, naye amekaa kando akinitazama mdomo. Ndiyo maana kila Ijumaa niliwachekea watoto. "Mama anakula vizuri? Mama anakula kuku." Ukweli ulipita kwenye karatasi peke yake. Dereva wa nyumba ile, yule Mganda mpole, alizichukua barua zangu hadi mtaa wa Sharafiya, akampa Mwanaisha wa Kwale anayepika kwenye mkahawa pale, naye akampa yeyote anayesafiri kwenda nyumbani. Zako zilipita njia hiyohiyo kuja.

Katika barua yako ya nne uliniandikia jinsi familia ya yule rais wa pili ilivyohamia nyumba ya rais kabla haijamalizika. Vyumba vina baridi, hakuna pa kuanikia, na mke wa rais akaanika nguo katika ukumbi mkubwa uliojengwa kwa ajili ya wageni. Nilipenda habari hiyo kupita kiasi. Wiki ileile vumbi lilikuja Jeddah siku tatu mfululizo, paa lote limekuwa jekundu, na kapu langu limejaa nguo mbichi. Nikajiambia, kama mke wa rais aliweza. Nikaenda kwenye majlisi ya wanaume, chumba kikubwa kuliko vyote na hakuna anayekitumia, nikafunga kamba kutoka dirishani hadi kwenye kabati la vikombe vya kahawa, nikaanika kanzu, fulana na suruali za ndani za baba mwenye nyumba. Nikasimama kuipendeza kazi yangu.

Baada ya sala ya alasiri baba akaingia na wageni wanne.

Nimekusimulia yote katika barua namba sita. Jinsi madam alivyopiga kelele mlangoni, "Eish hada, ya Meri? Eish hada?" yaani nini hiki, Meri, maana waliniita Meri kama walivyomwita aliyenitangulia. Jinsi mzee mmoja alivyoisogeza suruali kwa fimbo yake, akaketi chini yake, akaomba kahawa kana kwamba hakuna kitu. Ulinijibu kwamba ulicheka hadi walimu wenzako wakaja kuuliza. Lakini hukuandika chochote kuhusu nusu ya pili, wageni walipoondoka nikafungiwa stoo siku mbili. Uliruka mstari tu, kisha ukaandika, "Naomba Mungu anitunzie mkono huo unaoandika." Na hukujua kwamba namba tisa ingekuwa ya mkono huo, siku madam aliponimwagia maji ya chai.

Katika namba kumi nilikuomba uzichome zote. Nikasema sitaki Neema na Baraka wajue. Wabaki na mama anayecheka Ijumaa. Kwenye simu, madam akiwa kando, ukanijibu, "Usiwe na wasiwasi, Mheshimiwa. Kazi hiyo niachie." Nikalala usingizi mzuri wiki nzima. Miaka hii yote nimeamini kwamba zilikuwa jivu.

Sasa Neema. Wiki mbili zilizopita alinipigia akiwa na furaha ambayo sijaisikia tangu Agosti. "Mama, nimepata ajenti! Wewe ukirudi Januari, mimi naingia huko. Tunapokezana kijiti." Nikamwambia hapana. Akauliza kwa nini. Nikamwambia hapana tu, nimesema. Akaniambia kwa upole, na upole huo ni wako, "Lakini Mama, si wewe ulikuwa ukifurahia? Kila Ijumaa ulikuwa unacheka. Baraka anataka shule, Baba hayupo. Unataka nikae nikitazama migomba?" Angesaini Jumatatu, tarehe kumi na saba. Na ajenti amemwambia kwamba nyumba iko Jeddah.

Kila neno la kweli nililokuwa nalo nililiamuru lichomwe.

Jumatano akawa anasafisha kabati lako. Nyuma ya maboksi ya chaki akakuta kopo la biskuti. Akanitumia picha: barua zangu zote, zimepangwa kwa namba, zimefungwa kwa uzi wa kushonea magunia. Juu ya bahasha ya namba kumi kuna kalamu yako nyekundu ya kusahihishia. Nimeikuza picha hadi herufi zikavunjika. Umeandika: "Ameamuru zichomwe. Katika hili nimeacha kuwa mke wa Rais, mimi ni mume. Zikae hadi watoto watakapozihitaji."

Halafu Neema akaandika chini, "Mama, nisome?"

Nilikukasirikia, Baba Neema. Siku mbili nimepiga pasi nikigombana nawe. Nilikuambia aibu ni yangu, kovu ni langu, nani alikupa ruhusa? Leo asubuhi juu ya paa, na shuka ya mwisho mkononi, nikakumbuka. Ulikuwa umenisomea na hilo pia, jioni ile ya begi, ila mimi nilikuwa nahesabu soksi. Kwamba yule mama naye alimwomba mumewe achome barua zake, na mume hakukubali, na ndiyo sababu watu wanayajua maisha yao hadi leo. Ulinitazama uliposema hivyo. Nikakuambia unipe ile taulo.

Baada ya sala ya Ijumaa wenye nyumba walikwenda kwa bibi yao, nyumba ikawa kimya. Nikampigia Neema. Nikamwambia, "Soma. Anza namba moja, usiruke. Namba sita utacheka, usiishie hapo. Ukimaliza zote na bado unataka kusaini, sitakuzuia, lakini utasaini ukijua." Nikakata kabla sijabadili mawazo. Nikaondoa shuka zikiwa hazijakauka, nikazirudisha, nikaziondoa tena.

Ujumbe wake wa sauti uliingia saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilidhani atalia, au atanilaumu kwa uongo wa miaka yote hiyo. Kwanza nikasikia kuku wako. Kisha akauliza:

"Mama, ule mkono bado unauma?"

Nilikaa chini pale pale karibu na mashine ya kufulia. Miaka mitatu hakuna aliyeniuliza ila wewe. Nilimjibu kwamba limebaki kovu tu, wakati wa baridi linavuta kidogo. Akasema, "Jumatatu siendi. Nitangoja uje kwanza, niuone." Hajasema hatakuja huku kamwe. Wewe unamjua, ni kichwa kigumu kama chako. Amesema atangoja, nami nimeshukuru.

Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na mimi sina hasira tena. Nimeiweka hapa kwa maandishi, kwa tarehe, ili usije ukasema sikukiri.

Januari muhula wangu unakwisha. Ndege nimeomba ianzie Jeddah, nipitie Sharafiya kwa Mwanaisha. Barua zako kumi za kwanza ziko kwake tangu siku zile nisizokuwa na pa kuzificha. Nitazileta zote arobaini na moja. Nitazipanga kwenye kopo lako pamoja na zangu, yako moja, yangu moja, kama tulivyokuwa tukizungumza. Hii naihesabu namba arobaini na moja, tumekuwa sawa. Baraka atazisoma akifika umri wa dada yake. Sitachoma hata moja, nakuahidi, hata zile ambazo mwandiko wangu unatia aibu.

Na kando ya kijito tupande maharagwe. Samahani kwa kuchelewa kukujibu. Nitayapanda mwenyewe, na mbolea nitaibeba kwa mkono huu.

Pumzika sasa, mume wangu. Ulilinda nyumba vizuri. Rais anarudi.

Wako,
Mama Neema

Nimezima taa saa nne na dakika ishirini.