Zabibu za Babu Hazivunwi Leo

Greta,

Supu iko kwenye friji, ipashe moto. Wapigie simu wavunaji, waambie ~~waje saa nne~~ wasije mpaka Alhamisi. Baba yako akifoka, mwache afoke.

Asubuhi Babu alionja zabibu za Riesling, zile za mvinyo mweupe, akasema, "Bado chachu. Zipeni siku mbili, Ziwa Seneca bado lina joto, litalikinga shamba, baridi haitaziunguza." Baba yako akamkatiza mbele ya watu: "Mzee, tangu uugue husikii hata ladha ya chumvi!" Babu akarudi ndani.

Nikaonja mwenyewe. Meno yakafa ganzi. Nikamwambia baba yako kwamba Babu hakukosea, akawasha trekta akaondoka.

Nampeleka Babu kliniki, hapo mjini Geneva kando ya ziwa. Hajui kwamba tumemsikiliza. Usimpigie, nataka kumwambia mwenyewe njiani.

Mama