Kituo cha Juu Hakijibu

Jumatatu, Januari 14

Kituo cha juu kimenyamaza tena. Radi ya Jumamosi iliunguza kidude cha Wi-Fi. Nikanunua kipya mjini Magelang, aina pekee iliyokuwepo dukani. Kinafanya kazi dakika arobaini, pengine saa tatu, kisha basi. Hakirudi mpaka nipande mlima saa nzima, nikichomoe na kukichomeka kwa mkono.

Bila kidude hicho kitambuzi cha kituo kinasikia mto ukitetemeka na hakina wa kumwambia. King'ora kiko juu ya paa langu. Wachimba mchanga wako chini, korongoni mwa mto Kali Wuluh. Mvua ikipiga kileleni, tope la volkano hushuka na mawe makubwa kama malori.

Jumanne, Januari 15

Nimebadilisha adapta. Waya. Chaneli. Nimezima usingizi wa kuokoa umeme. Nimeiamuru kompyuta ya kituo ijizime na kujiwasha kila nusu saa — mara mbili ikaamka, ya tatu haikuamka. Kumbukumbu za mfumo zina mstari mmoja, umerudiwa mara mia nne: kifaa hakijibu. Kidude cha aina nyingine kitafika Jumatano ijayo. Jumatano ijayo!

Pak Sarjo, kiongozi wa wachimbaji, kapita na sepetu begani. Akaniuliza: vipi Pak Wir, mashine yako huru imejipa likizo? Nikamwambia wasishuke mtoni wiki hii. Akacheka. Tule nini, makala zako za programu huria?

Imenichoma. Miaka mitatu iliyopita wilaya ilitaka kutufungia king'ora cha kampuni, kimefungwa kama jeneza, marufuku kugusa hata skrubu. Nilisimama kwenye mkutano wa kijiji nikanguruma kwa saa mbili. Chombo usichoruhusiwa kukifungua si chako! Wakanyoosha mikono wote, Sarjo wa kwanza. Bado naamini kila neno. Linux, mfumo huria wa kompyuta yangu, hainidanganyi, inakiri wazi kwamba imeshindwa. Ila kukiri hakulii kama king'ora.

Jumatano, Januari 16

Tope limeshuka saa tisa alasiri. King'ora kimya. Wachimbaji wameokolewa na masikio yao wenyewe. Lori moja limekwenda na tope. Mchimbaji mmoja kavunjika mguu.

Jioni mke wa Sarjo kaniletea wali kwenye jani la mgomba, kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, Januari 17

Nimelipata tatizo langu.

Jukwaa letu la watumiaji wa mfumo huria, mjadala wa miaka sita iliyopita. Kidude kilekile. Mstari uleule: kifaa hakijibu. Aliyeuliza ni Endah, mwalimu wa shule ya ufundi, Boyolali. Ameeleza vizuri kuliko mimi. Mstari wa tatu: tayari nimezima usingizi wa kuokoa umeme, bado.

Jibu ni moja tu. “Zima usingizi wa kuokoa umeme. Imeandikwa ukurasa wa kwanza wa mwongozo. Asiyetaka kusoma arudi kwenye programu za wizi.” Watu kumi na tisa wamelishangilia.

Jina chini ya jibu ni langu.

Sikukumbuka hata. Nimeandika mangapi ya namna hiyo? Nilimwamuru mtu asome, na mwenyewe sikufika mstari wa tatu!

Siku nne baadaye kaandika tena. “Nimeshapata suluhisho, Pak. Asante kwa mwongozo. Samahani kwa usumbufu.” Hakusema suluhisho gani. Hajaandika tena humo, wala hakuna mwingine aliyeuliza. Kaomba radhi, kainama, kaondoka na dawa yake mfukoni. Ndivyo tulivyolelewa. Nami nilidhani nimeshinda.

Ijumaa, Januari 18

Shule imenipa namba ya Endah. Nimepiga saa saba mchana. Nikajitambulisha kwa jina kamili — nilitamani kulificha, sikulificha. Akajibu kwa upole kabisa: oh, Pak Wiryawan, nilikuwa nasoma makala zako, habari za nyumbani? Nikaomba radhi. Akasema hakuna kitu, Pak, ya zamani hayo. Nikamweleza mto, tope, wachimbaji. Akasema ilikuwa kitu kidogo tu, faili moja la mipangilio, kaliandika kwenye daftari. Atalitafuta, kisha atanipigia.

Atalitafuta kweli? Hakusema hapana. Hapa kwetu hakuna anayesema hapana.

Wingu limeshuka hadi kwenye minazi ya jirani. Wachimbaji wako mtoni. Sarjo kapanda kituo cha juu na kentongan, gogo la mwanzi alilokuwa akilipiga babu yake. Aliniambia akipita: leo kitambuzi ni mimi, Pak Wir, na mimi sihitaji mwongozo. Tumekubaliana apige mara moja kila robo saa, nijue yuko. Tope likija, apige mfululizo, nami niwashe king'ora.

Saa nane kasoro robo, nimesikia. Saa nane, nimesikia.

Mvua imeanza. Simu iko mezani, kioo juu. Nimefungua mipangilio ya kidude, mshale unameta mahali patupu.

Saa nane na robo, sijasikia.

Saa nane na dakika ishirini.