Mzee Athumani Amegusa Mkeka kwa Paji la Uso

Mzee Athumani amesujudu! Leo adhuhuri, msikitini, mbele ya watu, paji lake la uso limegusa mkeka. Na aliyemfikisha hapo ni mwanangu Omari, mtoto wa tumbo langu hili.

Haya, sasa salamu. Jumatatu, mwezi wa Rajabu, jua kali, kaskazi inavuma na vumbi lote la mtaa limehamia sebuleni kwangu. Sikufagia wala sifagii leo. Naandika kwa herufi zangu za chuo cha Kurani, mistari inakwenda upogo kwa furaha.

Omari alikwenda baharini kupika kwenye meli ya moshi. Akaugua, wakamshusha Singapuri, na tabibu mmoja wa Kichina, mzee wa watu, akampokea na kumponya. Mwanangu akabaki kwake kujifunza. Mimi huku nalia, kumbe mwenzangu anasoma! Amerudi na sanduku la sindano nyembamba kama unywele, na mafunzo ya matabibu wa Uchina wa zamani za zamani. Ameyahifadhi kwa moyo kama alivyohifadhi juzuu chuoni. Kichwa hicho amekitoa upande wangu, si kwa baba yake, Mungu amrehemu.

Mafunzo yenyewe si ya kuchoma-choma tu. Kwanza hutazama uso, kisha ulimi. Halafu huweka vidole vitatu juu ya mshipa wa mkono, wa kulia na wa kushoto, na kusikiliza damu inavyokwenda. Goti likiuma, pengine sindano huingia mkononi! Wakati wa joto huiingiza juu juu, wakati wa baridi ndani kidogo. Huko kwao Uchina baridi hugandisha maji, basi Omari hukaa akajiuliza: upepo wetu wa kusi hapa Mvita ni baridi, au si baridi? Akifikiri hivyo hukunja uso kama marehemu baba yake. Hapo nampenda mpaka naona haya.

Lakini hakuna aliyemkubali.

Bi Fatuma wa mlango wa mbele yangu alinipigia kelele dirishani, watu wanasikia: "Mama Omari, mwanao karudi na sindano, nami nina mito haina foronya. Nimletee?"

Nilicheka naye. Nilipofunga dirisha sikucheka. Maana Omari alikuwa kashaniambia, kwa ile sauti yake ya taratibu, kwamba meli ijayo ikitia nanga na bado hana mgonjwa, atarudi Singapuri. "Mama, nisipoifanya kazi hii nitaisahau."

Nimpoteze mara ya pili? Nikatoka kumtafutia mgonjwa mwenyewe.

Mzee Athumani ni mshona kofia. Umri wake wote amekaa kakunja miguu, na magoti yamemgomea. Alikuwa akisali ameketi juu ya kibao nyuma ya safu, na jambo hilo lilimtia unyonge kuliko maumivu. Akakubali. "Sindano nazijua, Bi Rukia," akanambia. "Kama atanidarizi, anidarizi vizuri."

Hapo nikafanya langu. Mgeni wa heshima aingie kwangu akae na tumbo tupu? Nikapika pilau ya mbuzi, kuku wa kupaka, mkate wa sinia, halua na kahawa juu yake. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia akicheua, nikafurahi nafsi yangu.

Omari akaja, akamshika mkono, akausikiliza mshipa. Kisha akasema, "Mzee, leo sikuchomi. Umeshiba sasa hivi. Walionifunza wamekataza: si aliyeshiba, si mwenye njaa, si mwenye hasira, si aliyechoka. Damu itulie kwanza. Rudi kesho alasiri."

"Mamako kanilisha kama mbuzi wa Idi," mzee akafoka, "kisha wewe unaniogopa?"

Akaondoka na fimbo yake. Magharibi haijaadhiniwa, mtaa mzima wasema mwana wa Bi Rukia kaogopa sindano zake mwenyewe.

Nikamgombeza. Ungemchoma kidogo tu, mwanangu, watu waone. Akanijibu, "Watu wataona, mama. Na yeye je?" Akaichukua kanzu yake msumarini, akaikunja, akaitia sandukuni.

Ule msumari mtupu ulinishinda kuutazama.

Kesho yake, alasiri, hodi mlangoni. Mzee Athumani! "Bi Rukia, leo usinipe hata kahawa." Akaketi, akasema kwa sauti ili nisikie huku ndani: "Waganga wote waliokuja kwangu walichukua jogoo wakaenda zao. Huyu kanirudisha nyumbani na goti langu. Nikasema, kijana huyu kuna kitu anakiogopa, na si mimi."

Nilichungulia penye upenyo wa pazia. Mkono wa mwanangu ulitulia kama wa mtu aliyeshika ndege, naye hataki kumwumiza wala kumwachia. Sindano ya kwanza ikaingia, ikafuata ya pili.

Tangu siku ile mzee amekuja na kurudi, akipata nafuu kidogo kidogo. Mpaka leo. Kuinuka alishikilia bega la jirani, naandika hilo kwa sababu ni kweli. Lakini kwenda chini, alikwenda mwenyewe.

Bi Fatuma ametoka hapa sasa hivi. Ati bega lake halimpi usingizi. Nikamuuliza, "Na mito, shoga?" Tumecheka mpaka machozi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, wanawake nitakaa nao mimi, na leso itakuwa juu ya mkono Omari akisikiliza mshipa.

Meli imetia nanga tangu asubuhi. Omari hata kwenda kuitazama hakwenda. Kanzu iko msumarini.

Basi watakuja: Mzee Athumani na wenziwe wote wa magoti, Bi Fatuma na dada zake, na wale waliocheka. Nimewatumia salamu: wale kwao, mapema, wale kiasi. Pilau yangu itafunuliwa sindano zikishatoka, si kabla.

Siku ya kuja ni Alhamisi hii, baada ya alasiri.