Samaki wa Mama Ameruka Nje

Kaka,

Kifuniko cha tangi usikiache wazi tena. Yule dume mkubwa uliyemleta jana bila kuuliza amemkimbiza samaki wa marehemu mama mpaka akaruka nje. Nimemkuta asubuhi sakafuni, amekauka. Mara ngapi nimekwambia madume wawili wa aina moja hawakai tangi moja? Ukanicheka: "Dada na vitabu vyake!"

~~Huyo wako mrudishe dukani leo hii.~~ Mlishe, hana kosa.

Wa mama nimemfunga kwenye leso, yuko dirishani. Usimtupe.

~~Baba akija kumsalimia kama kawaida, mwambie bado amejifukia mchangani, amelala.~~ Mwambie ukweli. Habari ya mama nilimpelekea mimi peke yangu, wewe ukajifungia chumbani. Hii ni zamu yako.

Dada yako